Jua kali na mizabibu ya wazee: divai nyekundu ya Etna vile mutu wa Goma anaiona

Huku Goma ukimwambia mutu kwamba divai hii ilitoka mwaka wa jua kali, atakujibu basi iko muzuri, jua mingi ni sukari mingi, sukari mingi ni nguvu mingi, mimina tunywe. Nimesikia hiyo kwenye meza mingi sana, kwa harusi, kwa baa, hata kwa wale wenye wanauzisha divai na wangepaswa kujua. Mimi sikubali. Jua kali linafanya mambo mingi ndani ya zabibu, na mengine kati ya hayo ni hasara tupu, na kama muzabibu wenyewe bado mutoto, haujala chumvi ya kutosha, ile hasara njo utakunywa kwenye glasi halafu utasema divai ya Italia inaumiza kichwa.

Nitaeleza kwa divai moja tu, juu kusema "divai ya Italia" kwa jumla haina maana, ile nchi iko na mamia ya aina za zabibu na kila kilima na yake. Yangu ni Etna Rosso, nyekundu ya mulima Etna kule Sicilia. Ndiyo, volkano. Mutu wa hapa hana haja ya kufundishwa volkano ni nini. Nyiragongo yetu iko na metre 3,470, Etna iko hapo hapo karibu, kati ya 3,300 na 3,400 hivi, na urefu wake unabadilika kila mara juu inalipuka kila mara. Sisi 2002 lava ilipita katikati ya muji mpaka ziwani, 2021 ikarudi tena ikasimama mlangoni. Wao 1928 lava ilimeza muji wa Mascali karibu wote, 1981 ikashuka upande wa Randazzo ikala mashamba ya mizabibu njiani. Na zabibu kubwa ya Etna inaitwa Nerello Mascalese, jina linatoka kwa huo muji wa Mascali, na kwa sheria yao Etna Rosso lazima iwe na hiyo zabibu asilimia 80 kwenda juu. Hiyo sheria iko tangu 1968. Yaani watu walipoteza nyumba, walipoteza shamba, wakangoja lava ipoe, udongo utengenezeke upya, wakapanda tena. Hapo mimi moyo wangu unakamatika, siwezi kuficha, kuko kitu cha kwetu ndani ya hiyo hadithi.

Udongo wenyewe ungeutambua bila kuambiwa. Mchanga mweusi, majivu, vijiwe vyepesi vyenye matundu. Maji hayakai, unamwaga ndoo kwenye kiwanja cha Ndosho hapa Goma na kabla hujageuka hakuna kitu. Kwa muzabibu hiyo ina maana mbili. Ya kwanza, kama unataka maji lazima ushuke kuyatafuta chini, chini kabisa, na hiyo inaomba miaka. Ya pili ni ya kadudu. Mwisho wa karne ya 19 kuko kadudu kanaitwa filoksera, kalitoka Marekani kakaingia Ulaya, kakala mizizi ya mizabibu karibu yote, watu wakafilisika, wengine wakahama nchi. Dawa yenye walipata ni kupandikiza, chini mizizi ya muzabibu wa Marekani, juu muzabibu wa Ulaya, na mpaka leo karibu Ulaya yote iko hivyo. Lakini ndani ya mchanga kale kadudu hakatembei vizuri, njo maana fasi fulani fulani za Etna utakuta bado mizabibu yenye inasimama kwa mizizi yake yenyewe, yenye umri wa kupita miaka 100. Watengenezaji wa kule wenye wanaitwa Tenuta delle Terre Nere wako na chupa moja ya hivyo, inaitwa La Vigna di Don Peppino, inatoka kwa kipande cha Calderara Sottana chenye kilipandwa mbele ya filoksera. Sijaionja, bei yake inafukuza, lakini kujua tu kwamba iko kunanifurahisha.

Hii mizabibu ya wazee, yaani yenyewe njo imezeeka, haifungwi kwa nyaya kama ile ya kisasa. Kila mumoja unasimama peke yake, mufupi, shina limejipinda, umefungwa kwa kijiti cha muti wa kastania, na majani yanajikusanya juu na kando yakafunika matunda. Wanaita alberello. Hektari moja inaweza kubeba 8,000 na zaidi, kwenye ngazi za shamba zenye kuta za mawe meusi, hakuna trakta inapita pale, ni jembe na mugongo. Kumbuka hayo majani, nitarudi kwayo.

Sasa jua.

Muzabibu unatengeneza sukari kwa majani na mwanga, hiyo wengi wanajua. Yenye wengi hawajui ni kwamba joto likipita degre 35 hivi, majani yanafunga vile vitundu vyake vidogo vya kupumulia ili maji yasipotee, na vikifungwa kazi ya sukari inapunguka mpaka karibu kusimama. Kwa hiyo siku za moto kabisa muzabibu hautengenezi sukari zaidi, unajificha tu, unangoja jioni. Sasa mbona sukari inapimwa iko juu? Juu maji yanatoka ndani ya tunda, tunda linanyauka, sukari inabaki ile ile ndani ya maji kidogo. Hiyo si kukomaa, ni kukauka, na ulimi unajua tofauti hata kama mutu hajui kuieleza.

Asidi njo jambo kubwa zaidi kwangu. Zabibu iko na asidi mbili za maana, tartariki na maliki. Tartariki inavumilia joto. Maliki hapana. Tunda linapumua mchana na usiku, na linachoma ile maliki sawa imbabura, lile jiko letu, inachoma makala, ukiongeza upepo wa moto makala yanaisha mbio na wewe bado hujapika. Kwa mwaka wa jua kali unaweza kufika siku ya kuvuna na maliki imebaki kidogo sana, na divai inatoka nzito, imelala, haina kile kitu cha kukuamsha mate. Usiku wa baridi unapunguza huo moto. Njo maana mutu wa Etna hakuulizi mchana ulikuwa na degre ngapi tu, anakuuliza usiku ulishuka mpaka wapi.

Rangi nayo. Watu wanaamini jua likizidi divai inakuwa nyeusi. Inakuwa, mpaka fasi fulani. Ikipita pale kwenye zile degre 35, ngozi ya zabibu inashindwa kutengeneza rangi sawasawa na ile yenye ilikuwa tayari inaanza kuharibika. Nerello Mascalese tayari kwa kuzaliwa haina rangi mingi, ni nyekundu ya kupenya mwanga, kwa hiyo ukiona Etna Rosso ya mwaka wa moto imepauka na imeanza kuvuta rangi ya matofali pembeni, usiseme imeongezwa maji.

Halafu tanini, ile yenye inakaza fizi kama umekunywa chai ya kuchemka mara mingi bila maziwa. Mwaka wa ukame matunda yanabaki madogo, ngozi mingi juisi kidogo, tanini inakuwa mingi. Hiyo si mbaya kama mbegu zimekomaa. Shida ni kwamba joto linasukuma sukari kwenda mbele na mbegu zinabaki nyuma, mwendo wao hauko mumoja tena. Mwenye shamba anabaki katikati, akivuna leo sukari iko sawa lakini mbegu bado kijani, tanini itakwaruza, akingoja mbegu ziwe kahawia sukari imepita na asidi imekufa. Gramu 17 hivi za sukari ndani ya litre moja ya juisi zinakuwa degre 1 ya alkoli, sasa piga hesabu wewe mwenyewe, juisi ya gramu 230 inakupa 13.5, ya gramu 255 inakupa 15, na kati ya hizo mbili wakati mwingine ni siku za kuhesabu kwa vidole tu kama upepo wa moto unapiga. Hapo njo divai mingi za miaka ya jua zinapotelea.

Nije kwa 2017, juu huo mwaka niko na macho yangu ndani, yaani macho ya kuzeni yangu. Italia huo mwaka iliteswa mara mbili, mwezi wa nne baridi kali ya usiku iliua machipukizi fasi mingi za kaskazini na katikati, kisha kiangazi kikaja na ukame, na ile joto ya mwezi wa nane watu wakaipa jina Lucifero, shetani mwenyewe. Mavuno ya nchi nzima yalikuwa kati ya madogo kabisa kwa miaka makumi. Kuzeni anaishi Catania, na huo mwaka alienda kuvuna upande wa Randazzo, kaskazini ya mulima. Kule Nerello inavunwa kwa kuchelewa, mwezi wa kumi, wakati fasi zingine za Sicilia divai imeshaanza kuchemka zamani ndani ya matangi. Mwezi wa nane alinitumia mesaji ya sauti: "Yaya, huku moto umepita wa Uvira, hata usiku ndani ya muji hatulali." Mwezi wa kumi akaanza kunitumia mafoto.

Foto moja bado ninayo kwenye simu. Ukuta wa mawe meusi katikati. Upande huu mizabibu yenye ilipandwa miaka michache tu nyuma, kwa nyaya, mistari imenyooka vizuri. Majani ya chini yamegeuka njano, mengi yameanguka, na vichala vimebaki uchi, na upande wenye unatazama magharibi, kule jua la saa tisa na saa kumi linapiga, matunda yamekunjamana yamekuwa kama zile zabibu kavu za kwenye pakiti. Hiyo mizabibu iliona cha mutema kuni. Upande wa pili wa ukuta, alberello ya wazee, mwaka huo huo, jua hilo hilo, mvua hiyo hiyo yenye haikuja. Majani bado kijani. Vichala vidogo, vichache, vimejificha ndani kwenye kivuli. Ukivuta picha karibu unaona matunda madogo yenye ule unga mweupe juu, yamekaza, hayajakunjamana.

Kuzeni akasema muzee mwenye shamba alikuwa anatembea na makasi madogo mfukoni, hakupenda watu wakate kichala chote watupe ndani ya kreti. Anakishika, anakigeuza, ile nusu yenye imechomwa na jua anaikata inaanguka chini, nusu nzuri inaingia kwa kreti. Kichala kimoja kimoja. Vijana walichoka, muzee hakuchoka. Kuzeni akamuuliza kama hii mizee aliinyweshea maji, muzee akamujibu hii haijawahi kuomba. Na kuvuna alberello ni kuinama siku nzima, aliniambia mugongo ulimukumbusha kupalilia maharagwe kwa bibi kule Rutshuru.

Kwa nini wale wazee walivumilia? Mizizi njo jibu la kwanza, imeshuka ndani ya nyufa za mawe fasi yenye unyevu wa mvua ya baridi bado uko, wakati mutoto mizizi yake iko juu juu kwenye mchanga wenye umeshakauka tangu mwezi wa sita. Lakini kuko jibu la pili lenye watu hawalitaji mara mingi, ni shina. Shina la muzabibu wa miaka 80 ni nene, na ndani ya shina na mizizi muzabibu unaweka akiba ya chakula, wanga, kama wewe unaweka mahindi kwa mwezi wa njaa. Mwaka ukiwa mubaya unakula akiba. Mutoto hana akiba. Na la tatu, muzee anabeba matunda kidogo, mara mingi kilo moja tu au chini kwa muti, kwa hiyo hata kama nguvu imepunguka inatosha kuikomaza hiyo kilo. Muzabibu mukijana umebeba vichala vingi kwa tamaa yake au tamaa ya mwenye shamba, joto linakuja, hauwezi kuvilisha vyote, vyote vinabaki nusu. Ongeza yale majani ya alberello yenye nilisema tukumbuke, yanafanya kivuli fasi yenye kivuli kinahitajika.

Lakini sitaki kuwadanganya. Mizabibu ya wazee haifuti mwaka. Wanasayansi bado wanabishana kama uzee peke yake unaleta utamu, kuko wenye wanasema ni udongo na kazi ya mikono njo vinafanya tofauti, na mimi naona wako na sehemu ya haki. Yenye mimi nasema ni ndogo zaidi: mwaka wa jua kali, muzabibu muzee unashusha sauti ya jua. Jua linasikika ndani ya divai, ni lazima lisikike, ungekuwa uongo lisiposikika, lakini halifuniki mulima.

Na mulima wenyewe unasaidia, tusiusahau. Kila ukipanda metre 100 joto linashuka karibu degre 0.6. Hii hatuhitaji kitabu, toka Uvira asubuhi na shati imelowa jasho, fika Bukavu jioni utafute mupira wa kuvaa, na si mbali. Mashamba ya Etna mengi yako kati ya metre 400 na 1,000. Tarehe 11 mwezi wa nane 2021, kule Floridia karibu na Siracusa, bondeni, walipima degre 48.8, na shirika la hali ya hewa la dunia lilikubali baadaye kwamba hiyo njo joto kubwa kabisa yenye ilishawahi kupimwa Ulaya. Huo ni mwendo wa gari tu kutoka Etna. Lakini pale kwenye metre 800 hesabu inakutolea karibu degre 5, na usiku baridi inashuka kutoka juu ya mulima, tofauti ya mchana na usiku inaweza kupita degre 20. Mawe meusi nayo mchana yanakula joto, wewe mwenye ulishatembea saa saba peku kwenye mawe ya lava unajua ninasema nini, kwa hiyo karibu na udongo jua linapiga mara mbili, kutoka juu na kutoka chini. Ila usiku ukifika lile joto linatoka na baridi inashinda. Kahawa yetu ya Kivu iko na sheria hiyo hiyo, serizi, yaani matunda ya kahawa, za chini kwenye joto zinaiva mbio na kikombe kinatoka bapa, za juu zinaiva polepole na zinabaki na asidi yake. Watu wa kahawa huku wanaelewa divai ya Etna mbio kuliko watu wa pombe, hiyo nimeiona mara mingi.

Basi kuzeni alikuja likizo na chupa mbili za lile shamba, 2017 na 2018. Nilifurahi hazikuwa za mwaka mumoja, juu 2018 kule Etna ilikuwa kinyume kabisa, mvua, mawingu, mwaka wa kuhangaika na ukungu wa majani. Mizabibu ile ile, muzee yule yule, makasi yale yale. Tulizionja nyumbani jioni, nilizitia kwenye frigo dakika 20 hivi mbele, na hapa nasisitiza, usinywe nyekundu ya mwaka wa jua ikiwa na joto la chumba cha mchana, alkoli inapanda puani inafunika kila kitu. Degre 16 hivi inatosha. Usiku wa Goma wenyewe karibu unakufikisha pale.

2018 ilikuwa nyepesi, fraizi zenye hazijaiva sana, ganda la chungwa, na asidi ya kukata kama marakuja, ndefu, tanini nyembamba. Etiketi 13.5. Iliisha mbio, hatukuongea sana.

2017 ilitukalisha. Etiketi 14.5. Kwa macho haikuwa nyeusi kuliko mwenzake, ilikuwa imeanza matofali pembeni. Puani matunda yameiva kabisa, kuko hata kitu cha kupikwa, jamu kwenye sufuria, nyanya kavu, majani makavu ya porini, na nyuma kidogo kitu cha moshi ambacho sitabishana na mutu kama ni volkano au ni akili yangu. Mdomoni inaingia pana, ya moto, na dakika ya kwanza nilisema hii imeshindwa, jua limeila. Kisha ikaanza. Katikati ya ulimi inajikaza, inajikusanya, asidi inatoka fasi yenye hukuitegemea, si mingi kama ya 2018 lakini iko, inashika ile mafuta yote na kuinyoosha mpaka mwisho. Tanini nyingi, ngumu kidogo, lakini zimeiva, hazikwaruzi. Niliiacha kwenye glasi saa nzima na ile harufu ya jamu ikarudi nyuma, ganda la chungwa likatokea, lile lile la 2018. Hapo nilimuangalia kuzeni na yeye aliniangalia. Damu ni moja. Mwaka uliipa mwili mwingine, lakini ukiipa nafasi inakuambia ilizaliwa wapi.

Kwa chakula, 2017 na mbuzi ya kuchoma, usiiweke na pilipili kali juu alkoli na pilipili vinapigana vyote viwili vinashinda wewe. Na fromaji ya Masisi, ile ya kukaa kidogo, njo inatuliza tanini vizuri sana, chumvi na mafuta vinafanya kazi. 2018 ningeipa sambaza za kukaanga bila aibu, nyekundu na samaki, ndiyo, Etna nyepesi inakubali.

Kuna mambo yenye mutengenezaji anafanya kwenye mwaka wa moto na unayaonja. Asitoe majani ya kufunika vichala. Avune alfajiri. Asiache ngozi ndani ya juisi muda mrefu mno, juu tanini iko ya kutosha tayari. Atumie mapipa makubwa ya zamani na si madogo mapya, mbao mpya juu ya tunda lenye limeiva kupita inafanya divai kuwa pipi. Lile shamba walifanya hivyo yote, kuzeni aliona mapipa. Divai za miaka ya jua zenye zinanichosha ni zile zenye zilikuwa na moto tayari halafu mutu akaongeza mbao.

Kuhusu maneno ya etiketi, chunga. Ukiona "vigne vecchie" au kwa Kifaransa "vieilles vignes", yaani mizabibu ya wazee, kwa miaka mingi hakukuwa sheria ya kusema muzee anaanza na miaka ngapi, mwingine aliandika kwa miaka 25, mwingine kwa 90. Mwaka 2024 OIV, shirika la mataifa la mizabibu na divai, lilikubaliana kwamba muzabibu muzee ni wa miaka 35 kwenda juu, na shamba la wazee ni lenye asilimia 85 ya mizabibu iko hivyo. Ni muzuri kuwa na kipimo, lakini hilo ni pendekezo kwa nchi, haliko lazima kwenye kila chupa. Kwa Etna angalia tena jina la kontrada, yaani kipande cha mulima, wanayo zaidi ya 100 na mtengenezaji mwenye anaheshimu wazee wake mara mingi anaandika kontrada gani.

Na hapa nyumbani kuko jua lingine lenye linaharibu kazi yote. Kuko duka moja hapa mjini, sitalitaja, wanasimamisha machupa ya divai dirishani, wima, jua la mchana likipiga moja kwa moja, miezi na miezi. Niliinunua kwao nyekundu moja ya Italia, kizibo kilikuwa kimekauka kimesukumwa juu, ndani siki na zabibu za kupikwa. Muzabibu unavumilia kiangazi miaka 80, muzee anakata nusu ya kichala kwa makasi, meli inavuka bahari, kisha inapikwa dirishani kwetu. Ndugu zangu wenye maduka, lazeni chupa, kwenye giza, nyuma, kwenye fasi ya baridi. Goma haihitaji hata mashine kwa hiyo, kuta zetu za mawe ya lava na usiku wetu vinatosha.

Yule muzee wa Randazzo, kuzeni anasema siku hizi anakata vijiti kutoka kwa alberello ya zamani na kuvipanda juu zaidi, kupita metre 1,000. Pale tayari fasi fulani umetoka ndani ya mipaka ya Etna DOC, lile jina lenye linalindwa na sheria, kwa hiyo divai yake haitaruhusiwa kuitwa Etna Rosso, itaitwa tu Terre Siciliane, jina la chini na bei ya chini. Anapanda hata hivyo. Anasema jua linapanda na yeye anapanda. Mimi ningeinunua hiyo ya jina la chini bila kufikiri mara mbili.

Kitu chenye bado natafuta ni 2014. Huo mwaka sehemu kubwa ya Italia ililia mvua na baridi, lakini Etna yenyewe ilipata mwaka wa ajabu, na nataka kuiweka kando ya 2017 nyingine nione wazee wale wale wanasema nini mwaka wenye hawakuteswa. Mwenye anayo hapa Goma, au Gisenyi ngʼambo, aniandikie, mbuzi nitaleta mimi.